Kamba, Magunia ya Mchanga na Ndoo ya Rangi

Hotuba niliyoitoa kwa mafundi boti na vijana wa kuchomelea vyuma, Kirumba, Mwanza. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Salamu nimezipunguza.

Mwangaluka! Haya, walioitikia ni wenyeji, walionyamaza ni wageni wa meli ya jana.

Mzee Mwenyekiti, mama zangu wa dagaa mliofunga meza mapema ili mje hapa, mafundi wenzangu wa mbao na wa chuma, na nyie wanangu mliokaa kule nyuma karibu na jenereta, asanteni kwa kunipa nafasi.

Mwenyekiti aliniambia nizungumzie chombo chochote kikubwa kinachoelea, mradi kisiwe MV Mwanza, maana hiyo kila mtu hapa ameitazama ikijengwa pale Mwanza Kusini na kila mtu ana maoni yake. Nimechagua manowari za kubeba ndege. Nimesikia kicheko. Najua mnachowaza: sisi tunahangaika boti ya futi 30 isivuje, mzee huyu anatuletea meli ya tani laki moja. Nivumilieni. Sikuja kusifia vita, vita sivipendi. Nimekuja kwa sababu chombo hiki, ukikifuata nyuma mpaka kilipoanzia, huko unakuta kamba, magunia ya mchanga, mipira ya baiskeli, ndoo ya rangi na kioo cha kujitazamia. Kioo nimekuja nacho. Kipo ndani ya mfuko huu, msiniulize mpaka mwisho.

Nilikiona chombo hicho mara moja tu. Nilikuwa na miaka 29, mtu wa kujaza oili na kupaka grisi kwenye meli ya makaa ya mawe. Tuliingia Hampton Roads, Marekani, asubuhi ya ukungu, nikapanda juu kuvuta hewa. Upande wa kushoto nikaona ghorofa. Ghorofa likaendelea, likaendelea, halina mwisho, halafu nikaona lina nanga. Mwenzangu Mfilipino akaniambia, hiyo ndiyo inayobeba ndege. Tulipita sambamba nayo kwa muda wa kumaliza sigara moja, na mimi siku hizo nilikuwa navuta taratibu.

Vipimo vyake ni hivi. Manowari za aina ya Nimitz, ambazo ya kwanza iliingia kazini mwaka 1975, zina urefu wa mita 333. MV Mwanza ina mita 92 na ushee. Zipange tatu na nusu, mdomo kwa mkia, bado utabakiza kipande. Sitaha ya juu ni hekta 1.8, viwanja viwili na nusu vya mpira. Ukiichukua ukaisimamisha wima katikati ya ziwa letu, pale penye kina kirefu kabisa cha mita kama 80, robo tatu ya meli itabaki nje, na mnandi watapata pa kukalia mpaka wachoke.

Sasa sikilizeni shida yenyewe. Uwanja wetu wa ndege pale Ilemela una njia yenye zaidi ya kilomita 3. Rubani anayetua kwenye manowari anapewa kama mita 100 za kusimama. Na hizo mita 100 zinatembea, zinapanda na kushuka na mawimbi. Kila kitu mtakachokiona kwenye meli hii, mnara uko wapi, lifti iko wapi, moshi unatokea wapi, kimezaliwa na ufupi huo. Ni uwanja mfupi uliolazimishwa kuelea.

Tuanze na mtu anaitwa Eugene Ely. Tarehe 14 Novemba 1910, palepale Hampton Roads nilipovutia sigara yangu, walipigilia jukwaa la mbao mbele ya meli ya kivita iitwayo Birmingham, yeye akarusha ndege kutoka juu yake. Ndege ile iliporuka mwisho wa jukwaa ikazama, magurudumu yakagusa maji, ikainuka kwa taabu. Ely alikuwa haogelei. Alikuwa amejivika mipira ya ndani ya baiskeli mabegani awe na cha kumwelesha akianguka. Mama zangu, hilo lingeweza kutokea hapa Mwaloni kesho asubuhi.

Kuruka kukawezekana. Kutua je? Tarehe 18 Januari 1911, ghuba ya San Francisco, wakajenga jukwaa jingine nyuma ya meli Pennsylvania. Wakalaza kamba 22 kukatiza jukwaa, kila kamba ncha mbili zimefungwa magunia ya mchanga. Chini ya ndege wakafunga kulabu. Ely akaja, kulabu zikanasa kamba, magunia yakaburuzwa, ndege ikasimama. Kwisha. Leo kamba ni waya za chuma, na badala ya magunia kuna mitambo ya haidroli chini ya sitaha, lakini ukimfufua Ely ukampandisha kwenye manowari ya leo, hahitaji kuelezwa. Atasema, aah, ni kamba zangu. Maskini hakuishi sana, ndege ilimuua mwaka uleule wa 1911 kwenye maonyesho.

Na msidhani mambo haya ya ndege na meli za kivita yalikuwa ya mbali tu. Julai 1915, manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imejificha kwenye mikono ya Mto Rufiji, kwenye mikoko. Waingereza hawakuweza kuiona kutoka baharini. Wakaleta ndege, wakaziweka Mafia. Rubani na mwenzake wakawa macho ya mizinga: wanazunguka juu, wanaona kombora limeangukia wapi, wanatuma ishara, mizinga inarekebishwa. Tarehe 11 Julai Königsberg ikawa imekwisha. Wajerumani wakaichomoa mizinga yake wakaikokota nchi kavu, wakapigana nayo. Mmoja mpaka leo upo Jinja, ng'ambo ya ziwa hili hili. Nani hapa amepita Jinja bila kuujua? Mimi nilikuwa mmojawapo.

Turudi kwenye meli. Waingereza walikuwa na manowari iitwayo Furious. Wakaipa sitaha mbele, lakini katikati ukabaki mnara na dohani. Agosti 2, 1917, Edwin Dunning akaja na ndege yake nyepesi ubavuni mwa meli, akaupita mnara, akajipenyeza mbele yake, maofisa wakaikimbilia ndege wakaishika kwa mikono, kwenye mikanda iliyokuwa imefungwa makusudi. Ndiyo, kwa mikono, kama tunavyopokea mtumbwi wenye samaki. Ndiye wa kwanza kutua kwenye meli inayotembea. Siku 5 baadaye akajaribu tena, tairi likapasuka, upepo ukamtupa baharini, akafa maji.

Basi wakaongeza sitaha ya kutulia nyuma. Ikawa balaa jingine. Meli inakimbia, upepo unapita kwenye mnara na dohani, unavurugika, na moshi wa moto juu yake. Rubani anaingia kwenye chungu kinachochemka. Hapo ndipo wakaelewa kwamba adui wa sitaha ni bomba la moshi. Meli ya Argus, iliyoanza kama meli ya abiria ya Waitaliano, ikamalizwa 1918 bila kitu chochote juu, bapa kabisa, moshi ukapitishwa kwa mabomba ubavuni mpaka ukatokea shetri, yaani nyuma ya meli. Ukichunguza historia yote ya manowari hizi, sehemu kubwa ni watu wanaotafuta pa kuutoa moshi.

Na upepo? Nendeni Jiwe la Bismarck asubuhi mkamtazame mnandi aliyekausha mbawa. Hapai kwa kufuata upepo hata siku moja. Anageukia upepo unakotoka, anapiga maji kwa miguu, anapaa. Manowari inafanya vilevile. Inageuza omo, yaani mbele yake, kwenye upepo, inaongeza mwendo, kwa hiyo ndege ikiwa bado imesimama tayari inapigwa na upepo wa kutosha. Meli nzima ya watu elfu tano inageuka kwa ajili ya ndege moja kupaa.

Sitaha bapa ilikuwa nzuri kwa marubani na mbaya kwa nahodha, maana haoni anakokwenda. Wakarudisha mnara, safari hii pembeni, upande wa kulia, kwa sababu marubani wakighairi kutua wengi walielekea kushoto. Wajapani peke yao walijaribu kuuweka kushoto, kwenye Akagi na Hiryu, na meli zote mbili zilizamishwa vita vya Midway, Juni 1942. Si kwa sababu ya mnara, msije mkanisingizia.

Hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu mnara ni uzito, na uzito wa juu ni jambo ninalolijua kwa aibu yangu mwenyewe. Mwaka 1998 nimerudi nyumbani, nina vihela, nimefungua karakana. Mteja mmoja ana boti ya abiria ya mbao, futi 42, anataka niijengee sakafu ya pili juu ili apakie zaidi. Nikajenga. Nilitumia mbao nzuri, nikapiga rangi, nikajisifu. Siku ya majaribio vijana wanane wakapanda juu kuangalia mandhari. Boti ikalala pole pole, kama mlevi anayesikiliza kitu. Ikabaki imelala. Chombo kizuri kikilala kinarudi haraka. Kibaya kinafikiri kwanza. Tukaivuta mpaka kwenye maji ya magoti, hakufa mtu, nikaing'oa ile sakafu kwa gharama yangu. Ilikuwa miaka miwili tu tangu MV Bukoba izame hapo mbele ya Bwiru, tarehe 21 Mei 1996. Wazee wa mwaloni hawakunisemesha wiki nzima, na walikuwa na haki.

Sasa fikirieni anayechora manowari. Anatakiwa aweke sitaha nzito juu kabisa, ghorofa nyingi kutoka majini, aweke ndege juu yake, kisha mnara upande mmoja. Waingereza kabla ya Vita vya Pili waliamua sitaha iwe ya chuma kinene cha kuzuia mabomu. Uzito ukapanda, ikabidi wapunguze ukubwa wa banda la ndege. Illustrious ilipangiwa ndege 36. Wamarekani wakaamua sitaha iwe ya mbao juu ya chuma chepesi, wakapakia ndege kama 90. Mafundi mbao, pigeni makofi hapo! Nani alikuwa sahihi? Januari 1941 Illustrious ilipigwa mabomu mengi karibu na Malta ikafika bandarini. Meli za mbao za Wamarekani ziliungua vibaya zaidi zikipigwa, lakini zilipeleka ndege nyingi zaidi vitani. Mimi ningechagua ndege nyingi. Mke wangu anasema angechagua kufika bandarini.

Kuongeza upana nako kuna mipaka. Manowari ya Marekani Midway ilipanuliwa tumbo mwaka 1986, wakaiongezea mbavu pembeni ili iinuke majini. Wakadhani itatulia. Ikawa inayumba vibaya kuliko mwanzo, inarudi kwa kishindo. Mnaopenda kupachika mapipa pembeni mwa mitumbwi mnanielewa.

Kuna meli mbili za Wajapani nataka mzijue, kwa sababu zilikufa kwa makosa ya karakana, siyo ya vita peke yake. Ya kwanza ni Taiho. Juni 19, 1944 ilipigwa torpido moja tu, lile bomu linalokimbia chini ya maji. Meli kubwa, mpya, ina sitaha ya chuma. Torpido lile likapasua matangi ya petroli ya ndege, na lifti ya mbele ikakwama. Mvuke wa petroli ukaanza kujaa. Wakafungua mifumo yote ya kupitisha hewa ili mvuke utoke, kumbe wanausambaza meli nzima. Baada ya saa kadhaa cheche moja ikatosha. Nani hapa ameshawahi kufungua dumu la petroli chini ya boti iliyofunikwa turubai, injini ya kupachika ikiwa ya moto? Usinyooshe mkono, nakujua.

Ya pili ni Shinano, kubwa kuliko zote za wakati wake, ilijengwa juu ya tumbo la meli ya mizinga. Ikapokewa tarehe 19 Novemba 1944 kwa haraka, wakiogopa mabomu ya bandarini. Milango ya kuzuia maji haijakamilika, vyumba havijapimwa kwa hewa, mafundi bado wamo ndani na spana zao. Tarehe 29 Novemba nyambizi Archerfish ikaipiga torpido 4. Meli ya namna ile ilipaswa kuzihimili. Maji yakapita kwenye matundu ya nyaya na mabomba yasiyozibwa, chumba baada ya chumba, ikazama. Siku 10 kazini! Mteja akikusukuma umkabidhi boti kabla hujamaliza kalafati, kuziba nyufa za mbao, mtajie jina hilo. Shinano.

Baada ya vita zikaja ndege za jeti, nzito na za kasi. Zile sitaha za zamani zilikuwa na mpango mmoja: ndege inatua nyuma, nyingine zimeegeshwa mbele, katikati kuna wavu. Ukizikosa waya, wavu. Wavu ukishindwa, unaingia kwenye ndege za wenzako zilizojaa mafuta. Kila kutua ni kamari.

Mwaka 1951 ofisa mmoja wa Uingereza, Dennis Cambell, alikuwa kwenye kikao akitafakari jambo hilo hilo. Wazo lake ndilo hili: usiguse meli, geuza njia. Njia ya kutulia isielekee omo, ielekee pembeni kidogo kushoto, digrii chache tu. Rubani akikosa waya, mbele yake hakuna ndege wala wavu, kuna bahari tupu. Anaongeza moto anapaa, anazunguka, anarudi. Ndege nyingine zinaegeshwa kulia kwa amani, na nyingine zinaweza kurushwa kutoka mbele.

Mnajua walilijaribuje? Walichukua rangi. Mwaka 1952, kwenye sitaha ya meli Triumph, wakachora mistari iliyopinda, marubani wakaja kugusa na kuondoka. Rangi na brashi! Ndipo baadaye Wamarekani wakaikata Antietam wakaipachika kipande cha sitaha kinachoning'inia kushoto. Leo, kila manowari inayotua ndege kwa waya ina njia ya mshazari. Na angalieni jinsi jambo moja linavyomsaidia mwenzake: kile kipande kinachoning'inia kushoto kinasawazisha uzito wa mnara ulio kulia. Ningekuwa na hekima hiyo mwaka 1998.

Ndiyo maana leo rubani akigusa sitaha hapunguzi moto, anasukuma mpaka mwisho. Anakanyaga mafuta wakati anasimama. Waya likimshika, vizuri; lisipomshika, yuko tayari angani. Ndege ya tani zaidi ya 20, inayokuja kwa zaidi ya kilomita 200 kwa saa, inasimama ndani ya sekunde 2 au 3.

Kupaa nako kuna manati. Vijana, manati mnayaelewa, mmepigia ndege wengi. Haya ni ya mvuke, wazo la Mwingereza mwingine, Colin Mitchell, lililojaribiwa juu ya meli Perseus kuanzia 1950. Chini ya sitaha kuna silinda mbili ndefu, na kila moja imechanwa juu urefu wote, kama bomba lililopitishwa grainda. Pistoni inakimbia ndani. Ulimi unaotokeza kwenye ule mpasuo unalivuta gurudumu la mbele la ndege. Mtaniuliza, mvuke hautoroki kwenye mpasuo? Kuna ukanda wa chuma unaofunguka kupisha na kuziba nyuma ya pistoni. Fundi aliyeupata ukanda ule alikuwa haogopi kuchekwa. Mwisho wa safari pistoni zinatumbukia kwenye maji, maji ndiyo breki. Ndege inatoka kusimama mpaka zaidi ya kilomita 250 kwa saa katika mita kama 90.

Forrestal ya Marekani, iliyoingia kazini 1955, ndiyo iliyoanza ukubwa huu tunaoujua. Na ndiyo iliyofundisha kwa machungu: Julai 29, 1967, roketi moja ilifyatuka yenyewe kwa hitilafu ya umeme pale sitahani, ikapiga ndege yenye mafuta, mabomu yakaanza kulipuka kwenye moto. Watu 134 wakafa. Toka hapo kila baharia wa manowari zao anafundishwa kuzima moto, awe mpishi, awe karani.

Na kuna jambo la sitahani ninalolipenda kuliko manati. Kila siku kabla ya kurusha ndege, watu wanajipanga mstari mmoja, bega kwa bega, wanatembea sitaha nzima wakiinamia chini, wanaokota. Nati, kipande cha waya, kijiwe, chochote ambacho injini ya jeti inaweza kukimeza. Maofisa na vijana pamoja. Na ndani ya mnara, kwenye chumba cha kupanga ndege, kwa miaka mingi palikuwa na meza yenye picha ya sitaha, juu yake vibao vidogo vyenye umbo la ndege, na juu ya kibao unaweka nati au pini ya rangi kuonyesha ndege hii inataka mafuta, hii ni mbovu. Meli ya mabilioni inaendeshwa kwa nati. Karakana yangu nati zinaendeshwa na kuku.

Moshi je? Mwaka 1961 Wamarekani wakaumaliza kabisa. Enterprise, mita 342, ikawekwa vinu 8 vya nyuklia. Nimitz zikashusha mpaka 2, na meli inakaa kama miaka 25 kabla ya kubadilishiwa mafuta. Hakuna dohani. Ng'ombe waliyemkimbiza tangu Furious wakamchinja. Waingereza hawakupenda gharama hiyo. Queen Elizabeth yao, tani 65,000, inatumia mitambo ya gesi, na ndiyo maana ina minara miwili: mitambo imetenganishwa isije ikauawa yote kwa pigo moja, kila upande una dohani lake, mnara umejengwa kulizunguka. Manati nayo hawakuweka. Mbele sitaha imeinuliwa kama mteremko uliogeuzwa, ndege inaruka kwa mbio zake.

Hiyo Queen Elizabeth inatuhusu kidogo. MV Victoria yetu iliundwa Glasgow, ikaja vipande vipande mpaka Kisumu, ikaungwa, ikaanza kazi 1961. Zaidi ya miaka 50 baadaye mji ule ule wa Glasgow ulijenga vipande vya Queen Elizabeth. Kimoja kina tani kama 11,000, kikapakiwa kwenye jahazi la chuma, kikazungushwa kaskazini mwa Uskoti mpaka Rosyth kuunganishwa na wenzake waliotoka kwenye yadi nyingine. Kwa hiyo mnaochomelea, jueni kazi ni ile ile: kipande kinachotoka yadi moja kikutane na cha yadi nyingine, na mshono ukubali.

Kipimo kinamshinda hata mkubwa. Wafaransa walipojenga Charles de Gaulle wakagundua njia ya kutulia ni fupi kwa ndege yao ya rada. Wakairefusha mita 4 na kidogo, kabla haijaingia kazini 2001. Nilipolisoma nilifurahi isivyo haki.

Wahindi ndio ninaowaheshimu siku hizi. Chuma cha manowari walikitegemea kutoka Urusi, kikasumbua kupatikana. Wakakaa wakatengeneza chuma chao, wakajifunza kukichomelea. Walikata bamba la kwanza 2005, wakaingiza Vikrant kazini Septemba 2022. Miaka 17. Kuna waliowacheka. Wachina walianza na gamba bovu la Kisovieti lililonunuliwa eti liwe kasino ya kuelea, wakalifanya Liaoning mwaka 2012, na Novemba 2025 wakaingiza kazini Fujian yenye manati ya umeme.

Manati ya umeme walianza nayo Wamarekani kwenye Gerald R. Ford, iliyoingia kazini 2017, dola kama bilioni 13. Hapo nina ugomvi nao. Walipachika vitu vipya vingi kwa mpigo: manati mapya, waya mpya, rada mpya, na lifti 11 za sumaku za kupandisha silaha. Meli ikapokewa 2017, lifti ya mwisho ikakabidhiwa mwishoni mwa 2021. Cambell alibadilisha kitu kimoja, akakijaribu kwa rangi.

Sasa kioo. Zamani rubani akitua alielekezwa na mtu aliyesimama ukingoni na vibao viwili mkononi, mfano wa mpira wa meza: panda, shuka, uko sawa. Jeti zilipokuja, macho ya mtu yakachelewa. Mwingereza, Nicholas Goodhart, akachukua kioo kidogo cha pochi na rangi ya mdomo ya katibu wake. Akachora mstari katikati ya kioo, akakisimamisha mezani, mbele yake akasimamisha kile kijiti cha rangi. Akamwambia yule dada aje akitembea, ahakikishe ncha ya kijiti inabaki kwenye mstari. Dada akaja akiinama, akiinama, mpaka kidevu kikagusa meza. Hakuambiwa ateremke, kioo kilimteremsha. Wakaweka kioo kikubwa ukingoni mwa sitaha, taa zikakimulika, rubani akaona tone la mwanga. Likiwa juu ya mstari wa taa za pembeni, umepanda mno, likiwa chini, utagonga shetri. Leo badala ya kioo kuna lenzi, na tone lile lipo.

Kioo nimekitoa, mnakiona. Kijiti cha rangi nimeazimwa na mama Neema wa chai, atakidai, msikivunje. Meza isogezwe hapa mbele. Zimeni hiyo taa ya dirishani. Wewe kijana wa shati la bluu, wewe uliyecheka mwanzo, nenda mpaka mlangoni. Macho kwenye mstari, usiitazame meza. Haya, anza kuja.